Jua Tulilolichora Upande wa Ruvu

Wajukuu zangu, pamoja na ninyi msio wajukuu zangu lakini mnaniamkia mkipita na kompyuta zenu mgongoni, kaeni kidogo. Juzijuzi mmoja wenu alinionyesha katuni aliyoitengeneza kwenye simu. Paka anaruka ukuta. Nikamuuliza imemchukua muda gani. "Mchana mmoja tu, bibi." Jamani, nilicheka mpaka machozi. Mchana mmoja sisi tulikuwa tunamfanya paka anyanyue mguu, na umeme wa Same ukikatika, mguu unabaki juu mpaka kesho.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulipenda. "Bibi, ile filamu yenu ya zamani, ya Pelele, nimeiona, kuna mtu kaiweka mtandaoni. Mbona mwishoni hakuna jina lako? Hakuna jina la mtu yeyote aliyeifanya." Nilijifanya sikusikia. Uzee una faida zake, na hiyo ni mojawapo. Lakini nimelala nalo siku tatu, sasa nalijibu. Nitazunguka kidogo, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa kambini. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge chini ya milima ya Upare, akasema atakaa misimu miwili, akazikwa huko huko. Kambini tulikuwa Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde, kila mtu na lugha yake ndani ya nyumba na Kiswahili uani. Mlima tuliuona kila siku lakini hatukuupanda. Kule juu kulikuwa na wenyewe, Wapare na migomba yao, kahawa yao, kanisa lao na maji yao. Hilo la kutoupanda mlima lishikeni, nitalirudia.

Kazi niliipata kwa sababu ya kuku. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, wazee wanasoma madarasa ya jioni, na mimi nilikuwa nawaandikia mabango ya herufi. Kwenye K nilichora kuku. Akapita bwana mmoja mwembamba, suruali imepigwa pasi, lafudhi ya Tanga. Huyo ndiye Ndugu Faraji, mkuu wa kitengo cha picha pale Same, aliyesomea ng'ambo mambo ya filamu. Akasimama mbele ya bango.

"Kuku wako anatazama nini?"

"Anamtazama mtu mwenye punje mkononi," nikamjibu.

"Mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Ni wewe."

Akacheka, akaniambia nifike ofisini Jumatatu. Nikapewa miezi sita ya majaribio. Ukifaa unabaki, usipofaa unarudi kambini kwa mama ukaanike singa, yaani nyuzi za mkonge. Jina langu Skolastika, pale kazini wakalifupisha wakaniita Skola.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana ninyi mnadhani sisi tulikuwa tunabonyeza kitu. Hatukuwa na cha kubonyeza. Kila kinachotembea tulikichora kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, tuliyoiita nailoni. Mandhari ya nyuma, yaani mlima, anga na miti, tuliyachora mara moja kwenye karatasi nzito, hilo tuliliita pazia. Unalaza pazia mezani, juu yake unaweka nailoni yenye mnyama, unabana kwa kioo, na kamera inaning'inia juu kwenye fremu ya mninga. Unapiga picha moja. Unatoa nailoni, unaweka nyingine ambayo mguu umesogea kidogo, unapiga tena. Sekunde moja inakula michoro kumi na miwili. Ukipiga chafya katikati, rudia.

Nailoni za dukani hazikuwepo. Ndugu Faraji alizunguka hospitali kuomba picha za eksirei zilizokwisha kazi. Tulizichemsha kwa magadi, tukazisugua kwa kitambaa mpaka mifupa ya watu ikatoka na nailoni ikabaki angavu kama kioo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wiki ya pili niliona uvivu, nikasugua upande mmoja. Filamu iliporudi kutoka Dar es Salaam kusafishwa, tukaona mbuzi wetu wa majaribio anatembea vizuri, mara nyuma yake zinapita mbavu za mtu. Dereva wetu, Eliamini, akauliza, "Skola, huyu mnyama kamla nani?" Kwa mwezi mzima waliniita Mama Mbavu.

Kuna mambo mawili matatu ambayo hata kompyuta zenu hazijayafuta. Rangi ipake upande wa nyuma wa nailoni, mstari uchore upande wa mbele, ndipo mstari hauliwi na rangi. Rangi ya maji haishiki kwenye plastiki. Sisi tulitia gundi ya mgunga na sabuni kidogo sana, ukizidisha inatoa povu. Andika namba kwenye kila kipande kabla hujaenda kunywa chai. Na mnyama akitaka kwenda mbele, mrudishe nyuma kidogo kwanza, kama mtu anayetaka kuruka mfereji. Hayo yote alinifundisha Ndugu Faraji, huku akinigombeza. "Usipumue juu ya nailoni, Skola!" Nikamwambia nikiacha kupumua kazi ataifanya na nani.

Basi ikaja barua kutoka Visiwani. Wenzetu walikuwa wamefungua televisheni, wakati huku Bara hatuna hata moja. Walitaka katuni ya watoto iliyotoka kwenye kitabu chetu wenyewe. Fikirieni: watu wa Same tunatengeneza kitu cha televisheni, na katika ofisi nzima aliyewahi kuiona televisheni ni Ndugu Faraji peke yake. Eliamini alikuwa anaamini ni redio yenye dirisha. Hakukosea sana.

Kitabu kilichochaguliwa kilikuwa cha mama mmoja wa mlimani, Mwalimu Nakiete, aliyefundisha watoto wadogo mpaka akastaafu. Alikiandika na kukichora mwenyewe. Jina la kijiji chake silitaji. Wapare wakiona kijiji chao kwenye maandishi watatafuta kosa, na kosa wakilipata watanipeleka mahakamani, nami sina nauli ya kwenda kwenye kesi. Itoshe kwamba kijiji kipo mgongoni mwa mlima. Ukisimama huku unaona tambarare ya mto Ruvu, ambao wengine mnauita Pangani, upande wa machweo, ukigeuka unaona mbuga ya Mkomazi upande wa mapambazuko.

Kitabu kilikuwa chembamba, kimechapwa kwa wino mweusi tu, picha kubwa na maneno mawili matatu chini. Kinahusu pelele, yule mnyama mdogo wa miambani, ambaye kazi yake ni kulinda ndiva. Kwa msiojua, ndiva ni bwawa dogo la ukoo au la kijiji. Maji ya mfereji yanajaa ndani usiku, na alfajiri mwenye kazi hiyo anazibua tundu la ukuta, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Siku moja Pelele anaamka kuzibua, anakuta ndiva imekauka. Wanyama wenzake wanamwita mwizi. Jua linapochomoza linamulika ukuta kwa nje, naye anaona udongo umelowa: fuko ametoboa, na maji yamevuja huko usiku kucha.

Mwalimu Nakiete alikuja ofisini amevaa gauni la kwenda kanisani na viatu vilivyopigwa rangi. Nikamsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuniangalia, macho yapo kwenye nailoni zangu.

"Ninyi ndio mtakaomtembeza Pelele?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nina ombi moja tu. Msimbadilishe tabia."

Ndugu Faraji akamwambia asiwe na wasiwasi, ni hadithi ya watoto tu. Mama akasema, "Ndiyo, ni hadithi ya watoto," akachukua mkoba wake akaondoka. Mimi niliona ni mwandishi mwenye maringo. Mnisamehe, nilikuwa msichana.

Tukafanya kazi miezi. Mandhari ya alfajiri, pale Pelele anapokwenda ndiva, ndiyo yaliyokuwa moyo wa filamu. Kitabuni kulikuwa na mstari mmoja wa upeo na nusu duara la jua, basi. Rangi ilibidi niitafute mimi. Ndugu Faraji akasema anataka anga zuri, watu wa Visiwani walie. Nikachanganya rangi ya chungwa, na chini yake nikachora tambarare ninayoijua, mto Ruvu unang'aa kwa mbali na migunga imesimama mmoja mmoja. Jua nikaliweka juu ya mto. Ndugu Faraji alilitazama lile pazia dakika nzima, akasema, "Skola, hapa sasa umefika." Sikuwahi kusifiwa hivyo, nikaenda nyuma ya ofisi nikajichekea peke yangu.

Tulipiga mandhari yale wiki tatu. Filamu ikapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, ikarudi imesafishwa. Tukamwita Mwalimu Nakiete, tukafunga mapazia ya dirisha, Eliamini akawasha mashine. Mama alikuwa anatabasamu Pelele alipojinyoosha kitandani. Lilipokuja lile anga langu, tabasamu likaondoka. Alikaa hivyo mpaka mwisho.

"Pelele haendi ndiva jioni," akasema.

"Ni alfajiri hiyo, Mwalimu," nikamwambia.

"Mwanangu, hiyo ni jioni." Akasimama, akatuaga kwa adabu, akaenda kungoja basi.

Mimi sikuelewa kitu. Eliamini ndiye aliyenielewesha, maana alizaliwa kijiji cha jirani na kule. Aliifunika mashine kwa turubai, akaniambia nikae.

"Skola, kule kwetu anayezibua ndiva jioni ana jina moja tu. Mwizi wa maji. Jioni ndiva inazibwa ijae. Wewe umemchora mtu anakwenda kuiba."

"Lakini ni pelele, si mtu."

"Ni mtu. Baba yake huyu mama alikuwa mfupi, anaamka kabla ya watu wote, wakamwita Pelele. Ndiye aliyekuwa mzibuaji. Mwaka mmoja wa ukame ndiva ikakutwa tupu, wakasema kazibua jioni kumwagilia mahindi yake. Akasema ni fuko. Wakamwambia haya, tuonyeshe tundu. Akasema nimeshaliziba kwa mawe, maji yasiishe. Hakuita shahidi kwanza. Mpare hakuita shahidi! Nani atamwamini? Wakamnyang'anya kizibo, kigogo cha kuzibia ndiva. Nyumba ile ikawekwa mwisho kwenye zamu ya maji mpaka leo. Mzee amekufa na jina hilo. Huyu mama hana kaka. Amebaki na kitabu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Sasa sikilizeni kosa langu lilitoka wapi. Sisi wa kambini, chini ya mlima upande wa Ruvu, asubuhi yetu haina rangi. Jua linachelewa nyuma ya mlima, likitokeza limeshakuwa jeupe na limeshakuwa kali, na baba yupo shambani zamani. Anga la rangi ya chungwa nililijua la jioni tu, juu ya mto. Kwangu mimi, jua zuri lilikaa upande wa Ruvu. Nikachora nilichokijua, sikuuliza mtu.

Nikamwambia Ndugu Faraji turudie. Akanionyesha kabati. Palikuwa na mkanda mmoja tu wa filamu mpya, wa mwisho, na ulikuwa umewekewa kazi yake: majina. Jina la kitabu na la Mwalimu yalikwishapigwa pale mwanzo. Yaliyobaki ni ya kwetu, ya kuweka mwishoni, yaani Faraji, Skolastika, Eliamini. Alikuwa ameyaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, ametumia Jumapili mbili. Mtu yule alikuwa amefanya filamu za watu ng'ambo miaka bila jina lake kuonekana popote.

"Visiwani nani anaijua Ruvu?" akasema. "Tuweke sauti. Jogoo awike, pembe ya kuamshia watu ilie. Mtu akisikia jogoo, basi ni asubuhi."

Sauti ilikuwa rahisi, ilikuwa kwenye tepu peke yake. Eliamini akatikisa kichwa. "Wapare utawadanganya na jogoo?" Lakini mkuu ni mkuu. Tukamtafuta jogoo pale Hedaru sokoni, akakataa kuwika mbele ya kinasa sauti, mwishowe Eliamini akawika yeye. Jogoo mnayemsikia kwenye filamu ni dereva. Alilia vizuri, kuku wa jirani waliitika.

Tukapandisha Landrova kwenda kijijini kuonyesha filamu kabla haijavuka bahari. Kitambaa kikafungwa kati ya nguzo mbili za uwanja wa shule, giza likaingia, watu wakajaa. Mwalimu Nakiete alikaa kiti cha mbele kwa sababu kitabu ni chake, lakini niliona viti viwili, kimoja kila upande wake, ni vitupu.

Filamu ikaenda. Watoto wakacheka. Jogoo akawika, pembe ikalia, anga langu la chungwa likafunguka, Pelele akashika njia. Hapo minong'ono ikaanza kama mvua kwenye bati. Taa ilipowashwa akasimama mzee mmoja mrefu mwenye kofia, Mzee Kajiru, mwenyekiti wa ndiva.

"Serikali, kaeni kwanza, nina maswali. Huyo jogoo anawika asubuhi au jioni?"

"Asubuhi, mzee," akajibu Ndugu Faraji.

"Vizuri. Kama ni asubuhi, jua linafanya nini juu ya Ruvu? Au huyo jogoo mmemhonga?"

Watu wakaanguka kicheko. Mzee hakucheka. "Swali la pili. Jua limemulika ukuta wa upande wa Ruvu, tukaonyeshwa tundu la fuko hapo. Ukuta wa Ruvu umekaa juu ya mwamba. Huyo fuko ana sururu?"

Kicheko kikazidi. Ndipo sauti moja nyuma ikasema, bila mzaha, "Basi mzee yule alizibua jioni kweli. Hata serikali imeonyesha."

Kicheko kikakatika. Mwalimu Nakiete akafunga vizuri khanga begani, akainuka akaondoka, na njia walimpa pana kuliko alivyohitaji. Niliumia, wajukuu zangu. Alikuwa amebeba jambo lile tangu utotoni, akaliweka kwenye kitabu ili watoto walisome taratibu, na sisi tukaja na mashine na nembo mlangoni mwa gari tukampigia muhuri wa wizi baba yake.

Nikasimama. Ndugu Faraji akanivuta mkono, "Kaa, Skola." Nikauchomoa mkono, nikasema.

"Shikamooni wazee. Jua lile ni langu. Mwalimu kitabuni alichora mstari na nusu duara tu. Mto nimeuweka mimi, rangi nimeiweka mimi, na tundu nimelipeleka upande wa jua langu. Mimi asubuhi ya huku juu sijawahi kuiona."

Mzee Kajiru akanitazama. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa kambini, chini."

"Ahaa." Akawageukia wenzake. "Huyu binti anasema kweli. Watu wa chini jua lao la asubuhi tunalizuia sisi kwa mlima wetu." Wakacheka kidogo. Akanielekea tena. "Nenda karekebishe ushahidi wako. Kesi imeahirishwa."

Asubuhi yake nilitaka nilione hilo jua lao. Ukungu ulikuwa mzito, hata mkono wangu sikuuona. Nikaenda kwa Mwalimu Nakiete nikapiga hodi. Nilijiandaa kwa matusi. Alinikaribisha, akanipa uji, akasema, "Chukua kalamu." Akanieleza akiwa amefumba macho. Mkomazi chini ni bluu ya moshi. Upeoni weka chungwa, nyembamba tu. Juu yake rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Kilima fulani kina nundu kushoto, jua linatokea kwenye hiyo nundu wakati wa kiangazi. "Na ukuta wenye tundu uko hapo," akasema, "unamulikwa kwa nje. Nilikuwa na baba nikimshikia mawe. Nilikuwa na miaka saba, na msichana wa miaka saba si shahidi."

Tukaanza safari ya kurudi Same, tukafika lami ya Hedaru. Ndipo Ndugu Faraji akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Ule mkanda wa mwisho, uweke kwenye kamera."

"Na majina?"

"Majina tunayajua sisi."

Nikachora pazia jipya. Nailoni za Pelele zilikuwa zile zile, kwa hiyo hilo ni jambo la kulishika: tenganisheni kinachotembea na kinachosimama, siku moja itawaokoa. Tukapiga upya mandhari yote, picha moja moja, tukingoja kiwanda cha mkonge kizime mashine zake saa ya chakula ili taa zetu zisipepese. Mkanda uliisha kwenye picha ya mwisho kabisa, ukalia tak. Majaribio yangu yalikuwa yamekwisha wiki mbili nyuma, hakuna aliyekumbuka kuniambia kama nimebaki au nimefukuzwa. Niliendelea kuja kazini miaka ishirini na sita.

Tukapanda tena mlima na filamu iliyorekebishwa. Watu wale wale, kitambaa kile kile, viti viwili vile vile vitupu. Safari hii jogoo alipowika hakuna aliyecheka. Jua likatoka kwenye nundu ya Mkomazi, nikasikia mtu akivuta pumzi. Ukuta ukamulikwa, udongo umelowa, tundu likaonekana.

Mzee Kajiru akainuka.

"Upande ule ni udongo," akasema. "Fuko anaweza. Lakini kesi haiishi kwa picha. Kesho ni msaragambo wa kutoa tope, ndiva iko tupu. Tutachimba."

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare, haina malipo na haina udhuru. Sisi tulilala shuleni. Kulipoanza kupambazuka ile pembe ya kweli ikalia, siyo ya tepu, na kijiji kizima kikatoka na majembe. Nami nikapewa jembe. Ndugu Faraji akakunja suruali yake yenye pasi, akashuka kwenye tope akiwa pekupeku. Mwalimu Nakiete alisimama juu ya ukuta. Hakumwambia mtu wapi pa kuchimba. Hakuhitaji, walikuwa wameshaonyeshwa.

Vijana wanne walichimba ukuta wa Mkomazi kutokea ndani. Walipofika kina cha mkono hivi, jembe likagonga jiwe. Mzee Kajiru akawaambia waache majembe, akashuka mwenyewe, akafukua kwa vidole. Lilikuwa jiwe, na nyuma yake jiwe, na nyuma yake vijiwe vidogo vidogo vya kuzibia nafasi, vimepangwa kwa subira kama mtu anavyopanga mafiga. Fuko hapangi mawe. Nyuma ya vijiwe kulikuwa na tundu, linaingia giza.

"Vile vidogo nilimpa mimi," akasema Mwalimu Nakiete. Ndipo akalia, kwa sauti, mbele ya watu wote.

Mzee Kajiru akavua kofia. Akazungumza Kichasu, lugha yao, maneno machache, na Eliamini akanifasiria sikioni huku naye anajipangusa macho: "Anasema, tulimwomba shahidi na shahidi alikuwa amesimama mbele yetu. Anamwambia mama, zamu ya kwanza ni yenu." Kisha mzee akaenda pembeni, akaokota kile kigogo cha kuzibia ndiva, akakifuta tope kwa shati lake, akampa mama mikononi. Mama akakipakata kama mtoto.

Filamu ilivuka bahari, ikaonyeshwa Visiwani, watoto wa huko wakaipenda, tuliandikiwa hivyo. Ikifika mwisho, Pelele anazibua maji, halafu kiza, hakuna majina. Sasa mmejua yalikwenda wapi.

Nami asubuhi ile, nikiwa na tope mpaka magotini, nikakumbuka kugeuka. Ukungu haukuwepo. Mkomazi ilikuwa bluu ya moshi, jua linatoka kwenye nundu ya kile kilima, na chini yake mstari mwembamba wa chungwa, vile vile alivyoniambia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na hiyo ndiyo asubuhi yangu ya kwanza yenye rangi.